Kusafiri na Baiskeli Uholanzi: Ndani ya Treni na Barabarani

Ndugu watazamaji, hamjambo. Wengi wenu mnaojiandaa kuja kusoma huku Uholanzi mmeniuliza kama mtu anaweza kupanda treni na baiskeli yake. Anaweza, mradi azingatie saa. Siku za kazi, baiskeli ya kawaida hairuhusiwi katika treni za shirika la reli la NS kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, wala kuanzia saa 10:00 alasiri hadi saa 12:30 jioni, kwa kuwa huo ndio wakati ambao mabehewa hufurika watu wanaokwenda kazini na kurudi. Mwishoni mwa wiki katazo hilo halipo. Baiskeli ya kukunja, ikiwa imekunjwa, haina nauli. Hiyo nyingine hukatiwa tiketi yake, mbali na ya kwako. Tafuta mlango wenye alama ya baiskeli, waache wanaoshuka wamalize, kisha simama karibu na baiskeli yako na kuishika, maana treni ikifunga breki inaweza kumwangukia mtoto.

Hata hivyo, kwa safari za kila siku ni nafuu kuiacha kituoni kama wafanyavyo wenyeji. Chini ya kituo cha Utrecht kuna maegesho yenye nafasi 12,500 za baiskeli.

Barabarani ndiko ninakowahofia zaidi. Sisi tumezoea kushika kushoto, nao hushika kulia, na mazoea hayo hurudi bila wewe kujua, hasa unapokata kona katika mtaa mtupu usio na mtu wa kumfuata. Ukiona pembetatu nyeupe zimechorwa kwenye lami, ncha zikikuelekea, simama umpishe anayepita. Pasipo alama wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye hutangulia. Reli za tramu, kama zile za Amsterdam, zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, kamwe si kwa mshazari, kwani gurudumu likizama katika mfereji wake utaanguka papo hapo. Mvua ikinyesha chuma hicho huteleza mno.

Usiku washa taa nyeupe au ya manjano mbele na nyekundu nyuma. Kushika simu ukiendesha ni kosa la kisheria tangu Julai 2019. Helmeti hailazimishwi kwa baiskeli ya kawaida, na wenyeji wengi hawaivai, lakini wao wameendesha katika njia hizi tangu utotoni. Wewe mgeni, nakusihi uivae.