Kengele Imeharibika

ZUHURA: Usinichekeshe, mbavu zinaniuma.

BARAKA: Sijasema kitu.

ZUHURA: Umeniangalia, inatosha. Wasikilizaji, mnamjua huyu bwana. Kipindi kilichopita alisema naongelea ngumi kama niliyewahi kuzipiga. Basi Jumanne nikaenda jimu. Nikafungwa bandeji, nikavishwa glavu, kocha akashika pedi: raundi moja, dakika mbili.

BARAKA: Enhe.

ZUHURA: Mwanzo raha tupu. Mara mikono ikawa mizito kama nimebeba ndoo za maji. Napiga huku nasikilizia kengele, kimya. Nikasimama nikamwuliza, "Samahani mwalimu, kengele imeharibika?"

BARAKA: (anacheka) Ukawa umefika wapi?

ZUHURA: Sekunde arobaini na tano.

BARAKA: Mungu wangu! Na leo ndio tunamzungumzia bondia Katie Taylor. Daftari langu hili hapa, mafunzo matatu kutoka ngumi za ridhaa hadi za kulipwa.

ZUHURA: Wewe na daftari lako. Tuanzie utotoni kwake. Huyu binti wa Bray, Ireland, alikuta wasichana hawaruhusiwi kupigana. Anaficha nywele ndani ya kofia ya kinga, kwenye orodha ameandikwa K. Taylor, anapanda ulingoni anatwangana na mvulana. Akivua kofia, ukumbi mzima mdomo wazi.

BARAKA: Huyo aliyepigwa alirudije nyumbani?

ZUHURA: Kengele ilikuwa imeharibika.

BARAKA: (anacheka) Mwaka 2001, akiwa na miaka 15, ndipo akapigana Dublin pambano la kwanza rasmi la wanawake Ireland. Halafu akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mara tano mfululizo, 2006 hadi 2014. Katikati hapo kuna dhahabu ya Olimpiki ya London 2012, mara ya kwanza wanawake kupigania medali za ngumi. Fainali alimshinda Sofya Ochigava 10 kwa 8.

ZUHURA: Kwa raundi nne za dakika mbili.

BARAKA: Najua unakokwenda.

ZUHURA: Mwaka 2016 akatolewa Rio na Mira Potkonen, robo fainali. Wengi wangepumzika. Yeye Novemba ileile akaingia kwenye ngumi za kulipwa, London. Kofia ya kinga hakuna, fulana hakuna, glavu zimepungua kutoka aunsi 10 hadi 8, na majaji kutoka watano hadi watatu. Kila kitu kimekuwa kigumu zaidi, isipokuwa saa. Wanaume wanapigania mkanda wa dunia raundi 12 za dakika tatu, ndizo dakika 36. Wanawake raundi 10 za dakika mbili, ndizo 20. Nao wapewe raundi za dakika tatu!

BARAKA: Na mtu aliyeshindwa moja ndiye anayedai tatu.

ZUHURA: Mimi si bondia! Sikiliza kioja: tangu 2017, wasichana wa ridhaa wanapigana raundi tatu za dakika tatu. Yaani binti anazimudu akiwa hajalipwa hata senti, halafu siku anapoanza kulipwa anaambiwa, mwanangu, utachoka.

BARAKA: Tatu mara tatu ni tisa, dada. Ishirini ni nyingi kuliko tisa. Usichanganye urefu wa raundi na urefu wa pambano.

ZUHURA: Urefu wa raundi ndio unaoangusha mtu. Umemyumbisha mwenzako, unataka kummaliza, kengele inalia, anakwenda kukaa kwenye kigoda anamwagiwa maji. Kisha watu wanasema wanawake hawana ngumi nzito, hawaangushani, kwa hiyo walipwe kidogo.

BARAKA: Chukua Taylor na Amanda Serrano, Aprili 2022, Madison Square Garden. Raundi ya tano Taylor anayumba, damu puani. Ingekuwa dakika tatu, pengine lingeishia pale. Lilifika mwisho, Taylor akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, tukapata moja ya mapambano bora ya mwaka. Dakika mbili zilituletea hilo.

ZUHURA: Dakika mbili zilimnyima Serrano nafasi yake!

BARAKA: Au zilimwokoa Taylor ubongo.

ZUHURA: Ubongo wa mwanamke tu ndio una dakika mbili?

BARAKA: Hilo WBC, baraza la ngumi la dunia linalotoa mikanda, ndio wanalolisema wakikataa dakika tatu kwa wanawake, si mimi.

ZUHURA: Na Serrano akawarudishia mkanda wao. Oktoba 2023 alipigana raundi 12 za dakika tatu na Danila Ramos, akashinda, hakuzimia.

BARAKA: Pambano moja. Ngoja, naweka simu hapa. Nasimama, narusha ngumi hewani dakika tatu, tuone.

ZUHURA: Goti lako je? Wasikilizaji wote wanalijua goti lako.

BARAKA: Anza kuhesabu.

ZUHURA: Haya. Kaka yenu ameinua mikono… Sogea mbali na maikrofoni! Sekunde 30. Anatabasamu. Sekunde 50, tabasamu limekwisha. Taylor anakwenda Dublin, Mei 2023, anapigwa na Chantelle Cameron nyumbani, Novemba anarudi anamshinda. Baraka, endelea, usipangusie jasho daftari.

BARAKA: Bado… muda gani?

ZUHURA: Dakika moja na sekunde 20.

BARAKA: Simu… imeharibika.

ZUHURA: (anacheka sana) Mbavu zangu!

BARAKA: (anakaa) Moja na nusu. Nimekuzidi mara mbili. Na umeona mwenyewe, zile za mwisho zilikuwa za kupunga nzi. Raundi ndefu ndivyo inavyokuwa.

ZUHURA: Nimeona mtu asiyefanya mazoezi. Wewe ni mwanaume, mbona hakuna anayesema wanaume wapunguziwe kwa ajili yako?

BARAKA: Ningepunguziwa ningeshukuru.

ZUHURA: Jibu swali.

BARAKA: Nimeshajibu. Mbili zina kasi, hakuna kukumbatiana kumalizia muda.

ZUHURA: Hujajibu. Anayetaka mbili achague mbili, anayetaka tatu apewe tatu na mkanda uwepo.

BARAKA: Basi bingwa wa mbili na bingwa wa tatu nani bingwa?

ZUHURA: Wapigane.

BARAKA: Dakika ngapi?

ZUHURA: …Usinichoshe.

BARAKA: Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili. Mafunzo yangu! La kwanza, Taylor hakutupa miguu ya ridhaa alipoingia kulipwa, ule wepesi wa kuingia na kutoka…

ZUHURA: Mbona humtaji Delfine Persoon, aliyepigana na Taylor 2019? Watu mpaka leo wanabisha yale maamuzi.

BARAKA: Hilo lilikuwa la pili.

ZUHURA: Na la tatu?

BARAKA: Jasho limefuta. Sioni mwandiko.

ZUHURA: Serrano wamerudiana naye mara mbili, Novemba 2024 na Julai 2025, Taylor kachukua zote. Raundi za dakika mbili zote.

BARAKA: Asante.

ZUHURA: Sikusema kwa ajili yako.