Miche ya Seji Haifi kwa Kiu

Ndugu wasikilizaji, sitatumia muda kueleza seji, ule mmea wa majani ya kukolezea chakula, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuipanda na kuipoteza. Nimekuja kurudia jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema hadi mkalichoka: miche ya seji inayokufa majumbani mwetu haifi kwa kiu, bali huuawa kwa maji.

Mmea huu, Salvia officinalis, asili yake ni miteremko yenye mawe iliyo kando ya bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu na mizizi hupata hewa ya kutosha. Sisi tunauotesha katika kopo la rangi lisilo na tundu hata moja, tunalijaza udongo wa mfinyanzi uliochotwa bustanini, tunamwagilia asubuhi, tunamwagilia jioni, kisha mtoto akirudi shuleni naye anamwagilia, kwa sababu amefundishwa kwamba mimea ni viumbe hai. Siku chache baada ya kuota, shina husinyaa pale linapokutana na udongo na mche hulala chini. Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea kama Pythium ambavyo hustawi katika udongo uliolowa na kukosa hewa, na mche uliokwisha kulala hauinuki tena, hata ununuliwe dawa ya bei gani. Lakini mwenye kopo hasemi hivyo. Husema aliuziwa mbegu mbovu.

Najua yupo atakayenijibu kwamba mbegu haioti bila maji, na ni kweli, ila sikusema msiipe maji. Nilisema maji yasituame. Toboeni chombo, changanyeni mboji na mchanga wa mto, kisha mkiweke ndani ya beseni lenye maji kidogo hadi uso wa udongo uonekane umelowa, mkitoe, na msikirudishe kabla uso huo haujaanza kukauka. Mkazi wa Dar es Salaam atasema kwamba hewa ya kwao ina joto na unyevu mwingi, tofauti na ya Lushoto kule milimani penye baridi. Analalamika kwa haki, na ndiyo maana yeye hasa anapaswa kuzidisha mchanga na kukiweka chombo chake mahali panapopita upepo.

Mbegu zifukiwe kina cha nusu sentimita tu, nazo ziwe mpya, kwa sababu mbegu ya seji hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miaka michache. Huchukua siku 10 hadi 21 kuota, kwa hiyo anayefukua kwa kijiti siku ya tano ili kuona kama kuna kinachoendelea, namwomba aelekeze udadisi wake kwingine.

Mengine nitayapitia haraka. Hamisheni miche ikiwa na majani halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya kuotea, manne au zaidi, mkiiacha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmoja na mwingine, penye jua, na mwaka wa kwanza mchume kwa uchache. Wanaotaka seji ya majani ya rangirangi watumie vipandikizi, maana mbegu zake hazitoi mmea uleule. Kuhusu mbolea nilikuwa nimeandaa kurasa mbili, nazo nitaziacha, kwa kuwa seji haihitaji nyingi. Maswali yaanze na waliokuja na makopo yao. Tafadhali wayageuze kwanza, tuyaone matundu.