Upana wa kigunduzi kwenye mchoro si ukali wa picha

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, maana bado naletewa modeli za hesabu zenye sura mbili: sura moja ya wepesi wa kigunduzi kuhisi mionzi ya infraredi, nyingine ya ukali wa picha, kana kwamba ni vifaa viwili. Hapana! Ni chembe zilezile za umeme, zinazoachiliwa na mionzi ndani ya kigunduzi, na mlinganyo ni mmoja.

Chukueni SPRITE, kigunduzi alichobuni Tom Elliott kule Malvern, Uingereza, miaka ya 1970. Ni ukanda wa zebaki, kadimiamu na teluriamu, urefu kama mikromita 700, upana 62.5, unaopozwa hadi karibu nyuzi 193 chini ya sifuri. Picha inapita juu ya ukanda, na volteji inazisukuma chembe kwa kasi ileile ya picha, hivyo ishara inakusanyika njiani hadi sehemu ya kusomea. Uzuri wake ndio huo. Lakini moshi wa ubani ukipelekwa na upepo, nao hutanda. Chembe hizo huishi kama mikrosekunde 2 kabla ya kutoweka, na katika uhai huo hutawanyika kama mikromita 25. Pigeni hesabu kwa jozi 8 za mistari, moto na baridi, ndani ya milimita moja: mtawanyiko peke yake unawaachia asilimia 39 ya utofauti kati ya mstari moto na baridi. Sasa mtu anajivunia malighafi safi, uhai umefika mikrosekunde 4. Ishara imeongezeka, kweli. Lakini ukanda ukiwa mrefu wa kutosha, utofauti umeshuka hadi asilimia 24! Hilo mbona halimo kwenye sura yake ya kwanza?

Najua mtaniambia: ongeza volteji, zifike upesi. Chembe inayoishi muda uleule itatawanyika vilevile. Kasi inafaa pale tu mnapoitanua picha upande wa mwendo, doa la nukta moja ya picha lizidi mtawanyiko. Na joto je? Volteji mara mbili, joto mara nne, na mtambo wa kupozea ni uleule.

Mengine upesi. Sehemu ya kusomea ikiwa na urefu wa mikromita 50, ile 39 inakuwa 29. Kelele, yaani mtikisiko wa ovyo wa ishara, nilitaka kuichorea, muda hautoshi: mtawanyiko unafifisha ishara ya vitu vidogo, lakini kelele ya chembe zinazozaliwa ovyo hauipunguzi. Msizipunguze ishara na kelele kwa kizidishi kimoja. Haya, maswali.