Namba Zinapokwisha: Mhadhara kwa Wanaosoma Hisabati na Kompyuta Pamoja

Marahaba. Ingieni, msisimame mlangoni.

Kila mwaka swali ni lile lile: "Dokta, mimi nimekuja kusoma kompyuta, hisabati zote hizi za nini?" Na wa hisabati naye ananung'unikia maabara ya programu. Wote wanaogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, na wana haki. Leo sitawabembeleza, nitawapa kisa kimoja tu.

Chukueni orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Unatafuta jina moja. Unafungua katikati. Jina lako likiwa linatangulia, unatupa nusu ya nyuma. Likiwa linafuata, unatupa ya mbele. Katikati tena, tupa tena. Hatua 20 zinatosha, maana 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Mwanahisabati anathibitisha: jina, kama limo, kamwe haliko kwenye nusu iliyotupwa, na kila hatua orodha inapungua. Anaweka chaki chini.

Mwaka 2006 Joshua Bloch, wakati huo akiwa Google, alitangaza kwamba utafutaji huu ndani ya maktaba ya Java (programu zilizo tayari za lugha ya kompyuta iitwayo Java), aliouandika yeye mwenyewe, una kosa. Lilikuwa limejificha humo miaka kama 9. Na msidhani ni mtu wa kubahatisha. Bloch ni katika wajenzi wakubwa wa Java. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa kutafuta katikati: jumlisha namba ya nafasi ya mwanzo na ya nafasi ya mwisho, gawa kwa 2. Mtoto wa darasa la nne angewaambia hapo hamna kosa.

Ubaoni, kweli hamna. Lakini namba kamili ya biti 32 (yaani inayohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 au 1) kwenye Java inaishia 2,147,483,647. Ikipita hapo haipigi kelele, inazunguka na kuibukia upande wa hasi. Jumlisha 1,200,000,000 na 1,500,000,000: mashine inakupa −1,594,967,296. Haya, gawa kwa 2, halafu nenda kalitafute jina kwenye nafasi hiyo!

Uthibitisho haukuwa na dosari. Ulihusu namba zisizo na mwisho, na mashine haina namba hizo. Aliyesoma hisabati tu haulizi namba inahifadhiwa wapi. Aliyesoma kompyuta tu anajaribu majina 10,000, anaona yanakubali, anakwenda kulala.

Dawa yake: toa mwanzo katika mwisho, gawa tofauti kwa 2, kisha ongeza mwanzo. Kwenye aljebra ni jambo lile lile. Kwenye mashine ni mambo mawili, na ile alama ya usawa mliyoizoea tangu shule ya msingi inavunjika hapo hapo.

Jumatatu mniletee karatasi moja: thibitisheni kwamba njia hii ya pili haivuki mwisho, mradi mwanzo si hasi wala haujaupita mwisho. Asiye na kompyuta asihangaike, kalamu inatosha. Mwenye nayo aweke zile namba mbili kwenye njia ya kwanza, aione hasi kwa macho yake.