Mtoto Akiamka na Joto Saa Kumi na Mbili: Mazungumzo na Wazazi wa Shule ya Msingi, Mwanza

Mwangaluka, wazazi wenzangu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, kila mtu achukue linalomfaa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu UVIKO, yaani korona, na nimeona baadhi yenu mkitazamana: tena? Ndiyo, tena. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 5, 2023, lakini kirusi hakikusoma tangazo. Bado kinazunguka, kimechanganyika na mafua mengine, na kila Januari watoto wanarudi kutoka Ukerewe, Sengerema na Dar, kila mmoja na mafua ya alikotoka, halafu tunawakalisha chumba kimoja.

Mnaikumbuka Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16, kesho yake shule zikafungwa, na watoto wa msingi hawakuingia darasani hadi Juni 29. Hayo yalishapita. Mimi nina neno moja tu la leo, nalo ni ile saa kumi na mbili asubuhi, sare imeshapigwa pasi, unamgusa mtoto shingoni, unakuta anachemka.

Tunafanyaje? Tuseme kweli. Tunampa Panadol, tunasubiri kidogo, joto linashuka, tunamwambia "umeshapona, nenda." (Mnacheka kwa sababu mnajijua.) Dawa ile inafanya kazi kwa muda wa saa nne, pengine sita. Kwa hiyo kwenye mapumziko ya uji mtoto amelaza kichwa kwenye dawati, joto limerudi, na tangu asubuhi amekuwa akikohoa katikati ya wenzake wawili. Panadol imeshusha homa, haijagusa kirusi.

Ugonjwa huu unasafiri kwa pumzi. Mtoto akikohoa, matone makubwa yanaanguka hapo hapo karibu. Yale madogo kabisa, ambayo jicho halioni, yanabaki yakielea, na chumba kikifungwa yanazidi kujazana. Na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajijua kuwa anaumwa. Ndiyo maana kusubiri mtoto akohoe ndipo mwalimu afungue dirisha ni kuchelewa.

Hapa ziwani tuna bahati tusiyoitumia. Mchana nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani unapanda huku kwenye mawe yetu, wala hatuulipii. Shida ni asubuhi. Hewa imetulia, watoto wamejaa, kuna manyunyu, na madirisha yamefungwa. Walimu, naomba hapo hapo asubuhi mfungue madirisha ya pande mbili, hata kwa upana wa kiganja. Dirisha la upande mmoja peke yake halisaidii sana. Hewa inatakiwa iingie huku itokee kule. Mwongozo wa darasa la msingi ni watoto 45, na sote tunajua hesabu halisi ya madarasa yetu. Kadiri watoto wanavyozidi, ndivyo dirisha linavyohitajika. Na ninyi mnaopanda daladala na watoto, sogezeni kile kioo, hata konda akinuna.

Sasa homa yenyewe. Kwetu huku mtoto akichemka, wa kwanza kushukiwa ni malaria, na ni haki, maana ipo. Lakini usinunue dawa ya mseto dukani kwa kukisia. Mpeleke zahanati atobolewe kidole, majibu yanatoka kwa dakika chache. Ikionekana malaria, itibiwe siku hiyo hiyo. Isipoonekana, usiseme "basi hana kitu". Ana homa ya kitu kingine. Na anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Vile vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, viacheni kabisa mpaka daktari aseme, maana haviui kirusi. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa, inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Hata hiyo Panadol, kipimo chake kinafuata uzito wa mtoto. Usimgawie nusu ya kidonge cha baba.

Na nyungu? Nilijua itakuja. Mvuke unaweza kulegeza mafua kwa mtu mzima, sibishani na mtu. Kirusi kilichomo mwilini hakifi kwa mvuke. Ila mtoto chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayochemka, hapo mnatafuta ajali. Msifanye.

Watoto wengi UVIKO huwapitia kama mafua ya kawaida. Kuna wachache hali inabadilika, na hapo hakuna kusubiri kesho: anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kunywa, amelegea haamki vizuri, au amepata degedege. Huyo anakwenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Na wazazi wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huku Kanda ya Ziwa ni wengi, kwenu homa yoyote ni safari ya hospitali. Msianze na duka la dawa.

Mikono mmeshaijua: maji tiririka, sabuni, sekunde 20. Lakini nimepita pale kwenye kibuyu chirizi cha karibu na choo. Kamba imekatika, kijiti cha kukanyagia kimeng'olewa, na sabuni imebaki kile kipande cha wavu kilichoifunga. Mtoto atanawaje? Kamati ya shule, hili ni la leo jioni, kamba ni mita moja tu. Na kile kikombe kimoja cha ndoo ya maji ya kunywa, kila mtoto aje na chake.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu barakoa. Wa chini ya miaka 5 hahitaji. Aliyefika miaka 12 afuate utaratibu wa wakubwa. Wa katikati inategemea hali ya maambukizi ilivyo na kama anaweza kuivaa bila kuichezea. Wakati wa kukimbia na michezo, avue.

Na baba ameuliza lini arudi shule. Homa ikishakaa mbali siku nzima bila dawa ya kuishusha, na kikohozi kinapungua, aje. Aliyepimwa akakutwa na UVIKO, Shirika la Afya linashauri siku 10 tangu dalili zianze.

Swali gumu ni la huyu dada anayefanya biashara ya dagaa soko la Mwaloni: yeye anatoka saa kumi alfajiri, mtoto akiumwa abaki na nani? Hili sitalijibu kwa kuwaambia "mtoto kwanza", maana bila dagaa hakuna dawa. Tupange kabla hajaumwa. Majirani wawili watatu wakubaliane zamu, huyo anayebaki akae na mgonjwa barazani penye hewa, siyo chumbani. Namba yake ya simu iwe kwa mwalimu wa darasa, pamoja na ya mama. Na mwalimu, mtoto aliyebaki nyumbani kwa homa asiadhibiwe kwa utoro, wala asikoseshwe jaribio moja kwa moja. Tukimwadhibu, wiki ijayo mama atarudi kwenye Panadol ya saa kumi na mbili. Mwalimu Mkuu ametikisa kichwa kukubali, nanyi mmemwona. Dada, hapo mlipo wa mtaa mmoja mko wangapi? Simameni tuwaone, mpeane namba kabla hamjatoka.