Anzeni Usiku: Mhadhara Kuhusu Ukaguzi wa Nishati Chuoni

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, walimu wangu, mafundi, wanafunzi: habari za mchana, na asanteni kwa kunipokea.

Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa nishati. Najua wengi mnasubiri habari za sola. Nitafika huko. Kwanza niwaulize: nani hapa anajua chuo hiki kinakula yuniti ngapi saa nane za usiku, madarasa yamefungwa na ofisi hazina mtu? Swali hilo ndilo lililonileta.

Mkaguzi huanza na bili za mwaka mzima, kisha anakwenda kwenye mita. Anasoma saa sita usiku, anasoma tena saa kumi na moja alfajiri, anatoa namba ya kwanza katika ya pili. Tofauti hiyo ndiyo umeme unaoliwa chuo kikiwa kimelala. Sehemu yake ni halali: mabweni, majokofu ya maabara, seva, taa za ulinzi. Iliyobaki inatafutwa kwa miguu.

Katika chuo kimoja cha ukanda wa pwani nilizunguka na mlinzi wa zamu ya usiku. Nikamwamkia, nikamuuliza taa za korido ya ghorofa ya pili huzimwa saa ngapi. "Hizo hazizimwi, mwanangu. Swichi ilikufa, fundi akaunga waya moja kwa moja." Tukahesabu mirija 40 ya wati 36. Hiyo ni wati 1,440. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo kwa saa 12 ni yuniti 17 na ushei kila usiku, bado hujaweka za balasti, kile kifaa ndani ya taa kinachodhibiti umeme wa mrija. Swichi moja tu! Ukifunga mirija ya LED ya wati 18 unapunguza nusu, na ni jambo jema, lakini korido tupu itaendelea kuwaka mpaka asubuhi. Kwa hiyo swichi kwanza, taa mpya baadaye.

Mzee yule akanipeleka nyuma ya jengo la utawala. Ukuta chini ya tangi la maji ulikuwa umeota ukijani kutoka juu hadi chini, ukiugusa unateleza. Boya la tangi lilikatika, pampu haikuwa na wa kuiambia kwamba tangi limejaa, ikasukuma usiku kucha na maji yakamwagika ukutani. Pampu ya kilowati 5.5 ikizunguka saa 10 inakula yuniti 55. Nalisema hili kwa uchungu, maana chuo hichohicho kilikuwa kikiwafungia wanafunzi maji mchana ili kubana matumizi. Mlinzi alikuwa akiliona lile tangi kila usiku. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mchana nako kuna habari yake, nayo ni viyoyozi. Wateja wakubwa wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hawalipii yuniti peke yake. Hulipia pia kilele cha mahitaji, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme walichovuta kwa mpigo katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea). Saa mbili asubuhi kila ofisi ikiwasha kiyoyozi kwa mpigo, nyuzi 16, kilele cha muda mfupi tu kinapandisha bili ya mwezi mzima. Washeni jengo kwa jengo, wekeni nyuzi 24 au 25, fungeni madirisha, pangaboi lizunguke juu. Na kama pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli, iko chini, mafundi wetu hapa wanajua kapasita, vifaa vya kuipandisha, zinafungwa wapi. Wapeni fedha wazinunue.

Sasa sola. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na ninakiheshimu kwa hilo. Kenya hiyohiyo ilitunga kanuni mwaka 2012 zilizowataka watumiaji wakubwa wa nishati wakaguliwe angalau mara moja kila miaka 3, nasi tungefanya vyema kujiwekea utaratibu wa namna hiyo wenyewe. Lakini paneli huzalisha jua likiwapo. Boya likikatika, pampu inamwaga maji saa nane za usiku. Mkinunua sola kabla ya kulishughulikia boya, mtajikuta mnanunua na betri za kusukumia maji yanayoishia ukutani.

Leo saa sita usiku nitakuwa kwenye chumba cha mita, nyuma ya maktaba. Nimeshaongea na walinzi, watatufungulia. Atakayekuja aje na tochi, daftari, na viatu vya kutembelea.