Namna ya Kumkosoa Mpigapicha Anayejifunza Bila Kumvunja Moyo

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tunaitazama picha ya mtoto anayeruka kamba jioni, huku mwenzake akiizungusha. Aliyeipiga bado anajifunza, naye ametuomba maoni.

Kwanza, usiandike neno lolote. Itazame picha kwa nusu dakika, ukizingatia jicho lako lilitua wapi mwanzo na lilihamia wapi baadaye. Kisha muulize mwenyewe alikusudia kuonyesha nini, kwa sababu huenda ukungu unaotaka kuulaumu aliutafuta kwa makusudi.

Pili, taja kilichofanikiwa na ukitaje kilipo. Kumwambia mtu kwamba picha yake ni nzuri ni adabu njema, lakini hakumfundishi kitu. Mwambie hivi: “Umebonyeza wakati miguu yote miwili iko hewani, na kamba imechora upinde juu ya kichwa chake.” Hapo atajua jambo la kurudia.

Tatu, tafuta chanzo cha kasoro kabla ya kuitaja. Hapa naomba tusiharakishe, kwa kuwa wakosoaji wengi huishia kusema tu kwamba picha haikutoka vizuri. Uso wa mtoto umefifia. Iwapo picha nzima ingekuwa imeburuzika kuelekea upande mmoja, tungeshuku mtikisiko wa mkono. Iwapo ukuta wa nyuma ungeonekana wazi huku watoto wote wawili wakiwa na ukungu, tungesema fokasi, yaani ulengaji wa kamera unaofanya kitu kionekane wazi, ilikosea mahali. Lakini tazama: mwenzake, aliyesimama kwa umbali uleule kutoka kwenye kamera, anaonekana vizuri hadi kope za macho. Kwa hiyo aliyeruka alikuwa na mwendo mkubwa kuliko kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, ambayo hapa ilikuwa sekunde 1/60.

Ukishajua chanzo, toa dawa inayopimika. Mshauri apande hadi 1/500, na kwa kuwa mwanga utapungua mara nane hivi, apandishe ISO, yaani kiwango cha kamera cha kuhisi mwanga, kutoka 400 hadi 3200 ili kuufidia. Mweleze pia gharama yake, yaani picha itakuwa na chenga (vidoa vidogo vidogo) zaidi. Mimi binafsi huzivumilia chenga kuliko kuupoteza uso wa mtoto anayecheka, ila huo ni uchaguzi wake.

Nne, chagua kasoro moja nyingine tu. Picha imeinama kidogo, jambo ambalo atalinyoosha kwa simu baada ya muda mfupi, hivyo liache. Nguzo inayoonekana kama imeota kichwani mwa mtoto ndiyo ya kutajwa, kwa sababu ilihitaji kuonekana kabla ya kubonyeza: hatua moja kushoto ingeiondoa pale.

Sasa andika maoni yako, ukiisema picha wala si mtu. Badala ya “hujui kupanga fremu”, andika “nguzo hii inalivuta jicho langu kutoka usoni”. Yasome kwa sauti kabla ya kuyatuma, na ufute kila neno ambalo usingelitamka mbele yake. Mwishowe mwombe apige tena mchezo uleule, saa ileile, kisha aziweke picha zote mbili sambamba ili mzitazame pamoja.